Nilimsingizia Fundi Wangu

Uongo wangu ulihusu boliti moja, yenye kichwa cha milimita 21, iliyofungwa mbele ya injini ya Eunos Roadster ya mwaka 1990. Nilisema haikukazwa. Nilisema mbele za watu, nikarudia kila nilipoulizwa, mpaka fundi mmoja wa Gerezani, mtu mzima aliyenizidi umri na maarifa, akapoteza wateja aliokuwa akiwategemea. Boliti ile ilikazwa. Kilichokuwa kibovu kilikuwa kibovu kabla hajakigusa, aliniambia hivyo kwa kinywa chake, nami nikamwamuru aendelee na kazi.

Gari lenyewe Mazda walilionyesha kwa mara ya kwanza Chicago mwezi Februari 1989. Marekani likaitwa MX-5 Miata, Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Lina viti viwili, turubai la kukunja, taa za mbele zinazoinuka ukiziwasha, gia tano za mkono, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini ni ya lita 1.6, na uzito wake kama lilivyouzwa Japani ni kilo 940 hivi. Toshihiko Hirai, aliyeongoza kazi ya kulibuni, alitaka dereva ajione kitu kimoja na gari lake kama mpanda farasi na farasi, na aliyewahi kulipitisha kwenye kona anajua kwamba mzee yule alilipata alilolitaka. Mimi nalipenda mpaka leo. Mapenzi hayo yana sehemu yake katika kosa langu, maana nilipenda zaidi nionekane ndani yake kuliko nilivyopenda liwe zima.

Nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anahama. Lilikuwa limekaa bila kutembea, na hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Magari haya yana ugonjwa unaojulikana: maji ya mvua yanayotiririka juu ya turubai hukusanyika nyuma ya viti na kutoka chini kwa mirija miwili. Mirija ikiziba kwa vumbi na majani, maji huingia ndani ya vizingiti vya chini ya milango, na kutu huanzia ndani hadi ije itokeze nje. Langu lilikuwa limeanza. Kioo cha nyuma, ambacho ni cha plastiki, kilikuwa cha manjano hata huoni aliyeko nyuma yako. Silinda ndogo ya klachi iliyo pembeni mwa gia boksi ilikuwa inavuja. Sehemu ya juu ya rejeta, ambayo hutoka kiwandani nyeusi, ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na hiyo ni dalili kwamba plastiki imechoka na siku yoyote itapasuka.

Kutafuta spea zake kulinifundisha mengi, na sehemu hiyo sijutii. Ukiingia duka la spea Kariakoo ukasema "Eunos", muuzaji anakutazama tu. Ukisema "Familia, injini ya B6", anainuka na kwenda stoo. Injini ya Roadster ni ya ukoo mmoja na ile ya Mazda Familia iliyokuwa imejaa nchini, kwa hiyo vitu vingi vidogovidogo vinapatikana kwa anayejua kuuliza. Nilijifunza pia kusoma namba za Mazda. Filta ya oili, kwa mfano, ni B6Y1-14-302. Herufi na tarakimu nne za mwanzo zinaonyesha gari au injini ambayo kifaa kilianza kutengenezwa kwa ajili yake, 14 ni kundi la mambo ya oili, na tatu za mwisho ni kifaa chenyewe. Ukishaelewa mpango huo, muuzaji hawezi kukupa kitu cha kundi jingine akakuambia "kinaingia tu". Rimu hazikunisumbua, kwa sababu zina matundu manne kwenye duara la milimita 100 kama magari mengi madogo ya Kijapani. Hata tairi za 185/60R14 zipo. Ila uzisome tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi "mpya" ya umri huo si mpya hata kama haijawahi kugusa barabara.

Vitu vya mwili wa gari ndivyo vigumu. Turubai, mipira ya milango, kioo cha plastiki, taa: hivyo huvipati Familia. Mwaka 2017 Mazda walitangaza huduma ya kuzifufua Roadster hizi za kwanza huko Japani, na pamoja nayo wakaanza kutengeneza upya baadhi ya spea, zikiwemo turubai na usukani wa mbao wa Nardi. Mtu wa huku anaagiza, anasubiri, analipa ushuru. Wengine hutegemea masoko ya spea zilizotumika ya Sharjah, ambako injini na gia boksi kutoka Japani huuzwa zikiwa nzima na kusafirishwa kuja Afrika Mashariki.

Niliagiza turubai. Nikaagiza usukani wa Nardi. Nikapiga rangi upya ile nyekundu yake ya asili, nikasafisha rimu mpaka zikang'aa, nikashona viti. Watu wakaanza kuligeukia barabarani. Muda huo wote taimingi belti ilikuwa ileile niliyoikuta, na sikujua ilifungwa lini wala na nani. Mazda wanataka ibadilishwe takriban kila kilomita 100,000. Nilikuwa na gari la zaidi ya miaka thelathini, lililopita mikono ya watu nisiowajua, na kitu hicho nikakiweka mwisho wa orodha kwa sababu kipo ndani ya kifuniko na hakuna anayekiona.

Fundi niliyempata alijifunzia kazi kwenye Familia hizohizo. Alikuwa anaongea kidogo, hakubali kuharakishwa, na anafanya kazi na kijana mmoja anayejifunza. Alipofungua boliti ya mbele ya krenkishafti ili atoe puli na kuifikia belti, alinyamaza kidogo, kisha akaniita.

"Tazama hapa, bosi. Imetoka kwa wepesi mno."

Akatoa gia ya taimingi na kile kichuma kidogo kinachokaa kwenye mfereji wa krenki kama kabari. Kingo zake zilikuwa zimelika. Mfereji wenyewe ulikuwa umepanuka upande mmoja, na ndani yake mlikuwa na vumbi jekundu la chuma kilichosagika. Akanieleza kwa utulivu jambo ambalo baadaye nilikuja kulithibitisha kila nilipoliuliza kwa wanaolijua gari hili. Injini zilizotengenezwa hadi katikati ya 1991 zina pua fupi ya krenki. Kabari haikuwekwa ibebe nguvu. Kazi yake ni kuonyesha mahali gia inapokaa, na nguvu yote hubebwa na mbano wa boliti. Mtu akiikaza ovyo, au akirudisha kabari iliyokwisha, mbano unalegea, kabari inaanza kugongwa huku na huku kila krenki inapozunguka, na mfereji unaendelea kulika mpaka gia inayumba. Baada ya hapo majira ya injini yanapotea. Mazda wenyewe waliona udhaifu huo, wakaikuza pua ya krenki. Boliti ya injini za zamani hukazwa kwa Newton-mita 108 hadi 118, na ya injini za baadaye kwa 157 hadi 167. Puli pia hutofautiana: ya zamani ina matundu manne, ya baadaye ina manane. Langu lilikuwa na manne.

"Nikiikaza leo itakaza," alisema, "lakini haitakaa. Agiza kabari mpya, boliti mpya na gia mpya. Vikifika tutaupima huu mfereji. Ukiwa umeharibika sana, tafuta krenki nyingine. Gari lilale hapa."

Harusi ya mpwa wangu ilikuwa Jumamosi ile. Nilikuwa nimemwahidi, tangu siku ya kutoa barua ya posa, kwamba mjomba wake ndiye atakayempeleka yeye na mkewe ukumbini Bagamoyo kwa gari lililo wazi. Bwana na bibi harusi wangepokezana kiti, kila mmoja kwa awamu yake ya kupigwa picha, na dada yangu alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote. Nilimwambia fundi afunge kama ilivyo.

Alikataa. Nikasema gari ni langu. Akasema harusi ina magari mengi. Nikasema, kwa sauti ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuitoa mbele ya mtu wa umri wake, kwamba nimemleta afunge belti, sikumleta kunipangia ratiba. Kijana wake alikuwa amesimama hapo na alisikia yote. Mzee akaninyamazia, akaniuliza kwa mara ya mwisho kama nina hakika, nikasema ndiyo. Akasafisha mfereji, akarudisha kabari ileile, akafunga gia na boliti. Akachukua spana ya kupimia nguvu ya kukaza, akaipandisha taratibu mpaka ikalia. Nilikuwa karibu yake. Niliisikia.

"Usiikanyage," aliniambia. "Na ikianza kutetemeka ukiwa umesimama, zima injini palepale unipigie."

Kwenda kulikuwa kuzuri. Mpwa wangu alifurahi, na picha zilipigwa za kutosha. Wakati wa kurudi nilikuwa peke yangu, usiku, barabara ya Bagamoyo imepungua magari, na nililikanyaga. Nalisema bila kulipamba: kutoka Kerege nilipandisha kila gia mpaka mshale ukaribie mstari mwekundu wa mizunguko 7,000, kwa sababu gari lile hulia vizuri huko juu na nilikuwa na furaha ya sherehe. Mapinga nikaona nguvu zinapungua. Bunju niliposimama, injini ilitetemeka vilevile kama alivyosema. Sikuzima. Sikumpigia. Nilijiambia nitafika nyumbani. Boko injini ikafa na haikuwaka tena.

Shemeji yangu alikuja na gari la kuvuta. Alikuwa amechoka na amekasirika, akauliza, "Imekuwaje? Si imetoka gereji juzi?" Nami nikajibu, "Fundi hakukaza boliti ya krenki."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi sana. Sikulipanga. Lilitoka lenyewe kwa sababu lilikuwa karibu na ukweli, na kwa sababu njia nyingine ilikuwa kusema mbele ya shemeji kwamba nilionywa nikakaidi. Lakini yaliyofuata niliyapanga. Siku zilizofuata niliwaeleza wenzangu wenye magari ya aina hii, tunaokutana Jumapili kule Coco Beach, habari kamili ya boliti isiyokazwa. Nilitaja gereji. Nilieleza kitaalamu, kwa maneno yaleyale aliyonifundisha yeye, jinsi boliti ikilegea kabari inavyolika. Nilitumia elimu ya mzee yule kumhukumu. Mmoja wa walionisikiliza alikuwa na magari ya kukodisha ambayo yote yalikuwa yanahudumiwa kwa fundi huyo. Akayaondoa. Wengine wakafuata. Fundi alinipigia simu, sikupokea. Na fedha ya kazi iliyobaki sikumlipa, kwani ningemlipaje mtu niliyekuwa nimetangaza kwamba ameniharibia injini?

Gari nililipeleka gereji nyingine. Fundi wa pili, kijana, alifungua mbele ya injini akatazama muda mrefu. Bahati nzuri ni kwamba katika injini hii ya 1.6 valvu hazigongani na pistoni majira yakipotea, kwa hiyo juu palikuwa salama. Pua ya krenki ndiyo iliyokuwa imekwisha kabisa. Akanionyesha vumbi lililoganda ndani kabisa, na kingo za mfereji zilizosuguliwa mpaka zikalainika.

"Hii si ya wiki moja," akasema. "Hii ina miaka. Aliyefunga mwisho amekuta hivi. Hakukuambia?"

Hapo ndipo ningeweza kugeuka. Ushahidi ulikuwa mezani, umetolewa na mtu asiyemjua mwenzake wala asiye na sababu ya kumtetea. Nikasema, "Hakuniambia." Uongo ule wa kwanza wa Boko ningeweza kuusamehe, kwa kuwa ulitoka katika uchovu na aibu ya ghafla. Huu wa pili niliusema mchana, nimetulia, nikijua ninachofanya, na gharama yake ilikuwa inalipwa na mtu mwingine.

Nilipata injini iliyotumika kutoka Sharjah, yenye puli ya matundu manane. Ilichukua muda kufika na ilinigharimu zaidi ya kila kitu nilichokuwa nimefanya kabla yake, turubai na usukani vikiwa pamoja. Kabari, boliti na gia ambavyo mzee alitaka niagize vingenigharimu kidogo sana. Gari likawaka, likatembea vizuri, nami nikawa silifurahii. Kila Jumapili kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Ni lile ambalo fundi hakukaza boliti?" na kila mara nilikubali kwa kichwa.

Mwisho nilikwenda Gerezani. Nilimkuta chini ya gari, nikasubiri atoke. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama kwamba hakuna kilichopita kati yetu. Nikamwambia yote: niliyoyasema Boko, niliyoyasema ufukweni, niliyomjibu fundi wa pili. Nikatoa bahasha. Akaifungua, akahesabu deni lake la kazi, na kilichozidi akanirudishia.

"Deni langu ni hili," akasema. Kisha akauliza, "Na wale uliowaambia, umewaambia?"

Nikasema bado.

"Maneno uliyatoa mbele za watu. Unayarudisha uani?"

Hakupandisha sauti. Alisema pia kwamba gari langu hatalishika tena, nami sina la kudai hapo. Kijana wake alikuwepo siku hiyo vilevile. Sasa ameshakuwa fundi, anafungua injini mwenyewe, na alinitazama kwa namna ambayo nilistahili.

Nilianza na mwenye magari ya kukodisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kumwambia, na akasema ameshakubaliana na gereji nyingine kwa mwaka mzima. Kazi ile haikurudi. Mpwa wangu na shemeji nimewaambia. Dada yangu alilia, kwani aliona harusi ya mwanawe ndiyo iliyomponza mtu, na ilinibidi nimhakikishie kwamba harusi haikunilazimisha kusema uongo. Wenzangu wa Jumapili nimewaambia wakiwa wamekusanyika, wote waliokuwepo. Lakini habari ya aina hii haikai kwa wale uliowapa. Nimekutana na mtu nisiyemfahamu, mwenye Roadster yake, akanionya mimi mwenyewe nisiende kwa fundi yule kwa sababu "aliwahi kuua injini ya jamaa mmoja". Ndiyo maana nimeandika.

Wewe mwenye gari hili la miaka ya mwanzo, inama utazame puli ya mbele. Ukikuta matundu manne, mwambie fundi wako aikague kabari na mfereji kila belti inapobadilishwa, boliti na kabari viwe vipya, na ikazwe kwa spana ya kupimia. Akikuambia gari lilale, liache lilale.

Na wewe uliyesikia, kutoka kwangu au kwa mtu aliyesikia kutoka kwangu, kwamba yupo fundi Gerezani aliyeacha boliti ya krenki bila kuikaza: aliikaza mbele ya macho yangu, baada ya kunikataza. Bado yupo palepale. Mpelekee gari lako, na ukikutana na mwingine aliyeisikia habari ile, mwambie ilikuwa ya uongo na aliyeitunga amekiri.